Mlembe na mpaka wa Ugalla

Nilikulia Lusu, wilayani Nzega, na utotoni ndege kwangu alikuwa mmoja kati ya wawili: kitoweo au mwizi wa mtama. Tulikwenda shambani alfajiri kuamia, manati mkononi, tukarudi sauti zimekauka. Kwamba mtu mzima angeamka usiku ili awatazame ndege tu, tungelicheka. Kiangazi kilichopita nilifanya hivyo hasa, pamoja na wanafunzi wangu sita, katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla.

Kando ya maji tuliwakuta yangeyange, mnandi wakianika mbawa, salili wakitembea juu ya majani ya yungiyungi, na furukombe aliyelia mpaka sote tukanyamaza. Maji hayo huenda kuungana na Malagarasi, ambao ardhioevu yake, pamoja na ya Muyovozi, ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Hayo niliwaeleza wanafunzi kwa ufasaha. Majina ya ndege yaliniishia upesi.

Saa mbili tulitoka, tukaingia miombo iliyo nje ya mpaka tukiwa na mzee mmoja mrina asali. Hatujatembea sana akaja mlembe, ndege mdogo asiye na rangi ya kujivunia, akaanza kelele zake kama mtu anayetikisa kiberiti. Mzee akampigia mluzi. Ndege akaruka mti mmoja mbele, akasubiri. Tukamfuata, akaruka tena. Baada ya robo saa tulifika kwenye bikoni. Mlembe akavuka. Mzee akasimama.

“Mwalimu, mimi naishia hapa,” alisema. “Ninyi mna barua.”

Kabla ya mwaka 2019 Ugalla ilikuwa pori la akiba, na wakazi waliingia msimu wa kiangazi kwa kibali, kuvua samaki na kurina asali. Ilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, ruhusa hiyo ilikoma. Sidai kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu. Ujangili upo, ng'ombe wapo, na warinaji wazembe huacha moto nyuma yao. Ninachohoji ni kumweka kapu moja na mkata magogo mtu ambaye riziki yake inataka mti usimame. Upande huu wa bikoni miti hukatwa kukaushia tumbaku, na tumbaku hiyo tunaihesabu katika mapato.

Kuna jambo jingine, nalo ni la kisayansi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Wayao wa Msumbiji ulionyesha kwamba mrinaji akitoa mwito wa jadi, uwezekano wa kuongozwa na mlembe hupanda kutoka takriban asilimia 33 hadi 66. Utafiti mwingine, wa 2023, uliwahusisha Wahadzabe wa hapa kwetu: mlembe wa kwao huitikia zaidi mluzi wa Kihadzabe kuliko mwito wa Kiyao, na wa Msumbiji kinyume chake. Maana yake ndege hujifunza lugha ya watu anaoishi nao. Binadamu hufungua mzinga, ndege hupata nta. Tukimwondoa binadamu, mlembe atabaki akimwita nani? Tumehifadhi ndege, tumevunja uhusiano uliokuwamo msituni kabla ya misafara ya Wanyamwezi kushuka Bagamoyo.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa: sheria huandikwa na watu, na hurekebishwa na watu. Kibali cha msimu, kwa vikundi vinavyojulikana, kwa mizinga iliyohesabiwa, si ndoto, kilikuwapo. Wanafunzi nao waanze kuandika majina ya ndege kwa Kinyamwezi. Mzee yule alinitajia ishirini na mawili tukiwa tumeketi chini ya mninga, na mengi sikuwahi kuyasikia.

Mlembe aliendelea kuita ng'ambo ya bikoni kwa muda. Mmoja wa wanafunzi aliuliza kama tumfuate, kwa kuwa sisi tulikuwa na barua. Hakuna aliyejua kupanda mti wala kuwasha moshi.