Bingwa wa Ligi Kuu Apatikane kwa Pointi, Si kwa Mtoano

Kila ubingwa wa Ligi Kuu unapokwenda Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba, hoja ile ile huibuka vijiweni, iwe Matiri, Mbinga mjini au Mbamba Bay: kwa nini timu nne za juu zisicheze mtoano mwisho wa msimu, atakayeshinda fainali ndiye awe bingwa? Hoja hiyo ina mvuto, na wanaoitoa wana sababu ya kuchoka. Tangu mwaka 2001 ubingwa wa Tanzania Bara umekuwa wa Simba na Yanga, isipokuwa msimu wa 2013/14 ulipochukuliwa na Azam. Kwetu Ruvuma hoja hii inanoga zaidi, maana Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikarudia 1986, na tena 1998, enzi ambazo timu chache za Bara na za Visiwani zilikutana kumsaka bingwa mmoja wa nchi nzima. Ukikumbuka miaka hiyo ni rahisi kuamini kwamba mfumo wa mashindano ndio uliotuletea kombe. Siamini hivyo. Majimaji ile ilikuwa na timu, na timu haijengwi kwa kubadilisha kanuni za fainali.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2007 Bara iliendesha Ligi Ndogo, na bingwa wake akapatikana kwa fainali. Tarehe 8 Julai, Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, walioingia uwanjani walikuwa nani? Simba na Yanga. Walitoka sare ya 1-1, Simba wakashinda kwa mikwaju ya penalti 5-4. Ngao ya Jamii nayo, ilipochezwa na timu nne mwaka 2023 kule Tanga, iliishia kwa fainali ya Simba na Yanga iliyoamuliwa kwa penalti. Mtoano uliopaswa kumfungulia mlango mnyonge uliwapitisha wale wale wawili. Wala si ajabu. Timu ya tatu au ya nne ingelazimika kuwafunga vigogo hao mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache, msimu ukiwa umeshawachosha wachezaji wake, huku wenzao wakiwa na benchi lililojaa wachezaji wa timu za taifa. Mchujo hauongezi mchezaji hata mmoja kwenye kikosi cha timu ndogo, wala shilingi kwenye mfuko wake.

Wapo wanaotaja Marekani, ambako ubingwa wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu ulibishaniwa miaka mingi hadi ukaanza mtoano wa timu nne msimu wa 2014, kisha timu 12 kuanzia 2024. Mfano huo ukiutazama vizuri unatuunga mkono sisi tunaoukataa mtoano. Kule timu za daraja la juu zinazidi 130 na kila moja hucheza na chache tu. Bila mtoano bingwa angebaki wa kura na makadirio. Ligi yetu ina timu 16, na kila moja inakutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, mechi 30. Hakuna swali linalobaki bila jibu. Timu imesafiri hadi mikoa ya mbali, imecheza kwenye mvua na kwenye vumbi, imewakosa majeruhi wake ikapambana hivyo hivyo. Kuichukua hesabu ya miezi tisa na kuifuta kwa dakika 90, au kwa mkwaju mmoja unaogonga mwamba, ni kuwadhulumu waliovuja jasho.

Hoja yao nzito zaidi ni msisimko: kwamba bingwa akijulikana mapema, mechi za mwisho hazina ladha. Ni kweli hutokea. Lakini Juni 25, 2025 Yanga na Simba walikutana ubingwa ukiwa bado haujapata mwenyewe, Yanga wakashinda 2-0 na kutawazwa. Pointi zenyewe ziliitengeneza fainali ile, bila kanuni mpya. Tena tujiulize msisimko huo ungekuwa wa nani. Ligi ya nyumbani na ugenini ndiyo iliyowalazimisha vigogo kupanda hadi Songea Majimaji ilipokuwa Ligi Kuu. Siku ya mechi kama hiyo watu walishuka na mabasi kutoka Mbinga, mwendo wa kama kilomita 100, lodji zikajaa, mama wa karanga akauza beseni zima kabla ya mapumziko. Fainali ya mtoano itapelekwa Dar es Salaam au kwenye uwanja mkubwa mwingine, na sisi tutaisikiliza redioni.

Majimaji ilishuka daraja mwaka 2018, na klabu nyingine ya Ruvuma ikitaka kufika Ligi Kuu lazima ianzie chini. Njia ya klabu ya mkoani kupanda juu inapita kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na huko ndiko mchujo unakoumiza. Klabu inashinda ligi ya mkoa wake, inachangisha nauli kwa wafanyabiashara na wakulima wa kahawa, inakwenda kituoni mbali na nyumbani, inapoteza mechi mbili tatu ndani ya siku chache, safari imekwisha. Mashabiki wake hawakuona hata mechi moja. Wachezaji wanarudi shambani hadi mwakani.

TFF na Bodi ya Ligi wauache ubingwa wa Ligi Kuu uamuliwe kwa pointi kama ulivyo. Fedha na akili wanazoombwa kuzitumia kwenye fainali ya vigogo wazipeleke huku chini: Ligi ya Mabingwa wa Mikoa ichezwe kwa kanda, nyumbani na ugenini, ili bingwa wa Ruvuma acheze Songea au Mbinga, mbele ya watu wake, kabla hajaambiwa amepanda au amebaki.