Mbuga ya Kiangazi Si Ardhi Tupu

Kila mradi mkubwa unapotaka kuingia bondeni, wataalamu hutangulia kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, kama inavyodai Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hilo ni jema. Lakini tunauliza: huja mwezi gani? Akija Septemba, mtaalamu huiona mbuga kavu, yenye nyufa na nyasi zilizoungua, naye huweza kuandika kwamba ardhi ni tupu na inafaa kwa mashamba makubwa. Mwezi wa Aprili angehitaji mtumbwi.

Bonde la Kilombero ni mfano ulio wazi. Mwaka 2002 liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, karibu hekta 797,000. Masika mto hufurika, ukaacha rutuba ya mpunga na mazalia ya samaki. Kiangazi maji hupungua, na sheshe hurudi kula nyasi changa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka huko, hivyo hata mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere huitegemea mbuga hiyo iitwayo tupu.

Ardhi oevu hata ikikauka huacha ushahidi. Chimbeni shimo la kina cha mkono: udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu ni udongo uliokosa hewa kwa kukaa majini muda mrefu. Matete na mafunjo nayo hutaja maji yalipo. Tena wazee wanajua mafuriko yalifika kwenye mti gani. Ushahidi huo ndio hupuuzwa upesi, pengine kwa sababu haulipiwi posho.

Sheria inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60! Mahali ambapo maji hutambaa kilometa nyingi, kipimo hicho hulinda ukingo tu, siyo mbuga. Tathmini ndiyo inayopaswa kuuchora mpaka halisi, kwa kufuata udongo na mimea, kabla cheti hakijatolewa. Wala kulinda si kumfukuza mkulima mdogo wa mpunga huku mwekezaji akichimbiwa mifereji. Mkataba wenyewe unazungumzia matumizi ya busara.

Muhtasari wa taarifa ya tathmini unapaswa kuandikwa kwa Kiswahili pia. Kamati zetu za parokia ziudai, ziusome mbele ya wanakijiji, na ziulize ni ukurasa gani unaotaja mwezi ambao udongo ulichimbwa.