Mkimbizi Gari la Nini?

Kuna swali nimelisikia mara nyingi mwaka huu na nimechoka nalo: "Mkimbizi gari la nini?" Nimelisikia kwa kinyozi, nimelisikia kwenye mkutano wa vijana, nimelisikia hata ndani ya gari la shirika, kiyoyozi kikiwaka. Wanaouliza hawatafuti jibu. Wanamaanisha kwamba mkimbizi mwenye gari ni mwongo, au ameiba, au siyo mkimbizi tena. Mimi nasema swali lenyewe ndilo bovu, tena linawaumiza vijana wetu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nawajua mume na mke waliokulia Kiziba, ile kambi iliyofunguliwa 1996 juu ya milima ya Karongi. Sasa wanaishi Nyamirambo, hapa Kigali. Majina yao siyaandiki, na ukisoma mpaka chini utaelewa kwa nini. Mume anachomelea milango na madirisha ya chuma, mke anauza vitenge. Wana watoto wawili, na mama mzazi wa mume anakaa nao. Goti moja la mzee huyo halikunji tena. Miaka sita wamecheza likelemba na majirani, huku wengine wanaita ikimina. Chakula cha shirika hawapati. Mwaka 2021, WFP na UNHCR walipoanza kugawa familia za kambini kwa makundi kulingana na hali zao, familia hii iliingia kwenye kundi lisilopewa. Hawakulalamika. Walisema wapewe wanaohitaji zaidi.

Mwaka huu zamu yao ya likelemba ilipofika, wakaongeza na akiba yao, wakaanza kutafuta jipu la familia. Jipu la magurudumu, jamani, siyo lile la kutumbua.

Kwa nini jipu, kwa nini siyo gari dogo la bei nafuu? Hesabu mwenyewe. Moto za Kigali zinabeba abiria mmoja tu, ndiyo sheria. Watu watano ni moto tano, na bibi mwenye goti hawezi kupanda hata moja. Mtaa wao uko kwenye mteremko wa udongo, mvua ikinyesha gari la chini linateleza kama sabuni. Mizigo ya vitenge inahitaji buti kubwa. Na wakitaka kwenda Kiziba kuona ndugu, ile barabara ya kupanda kambini haina huruma na gari la chini. Kwa hiyo walitaka RAV4, kama nusu ya Kigali inavyotaka. Gari jipya la kiwandani waliliangalia kwa macho tu. Volkswagen inaunganisha magari hapa Kigali tangu 2018, na Teramont ni jipu zuri kweli, lakini uzuri wake ni wa watu wengine. Kwao gari "jipya" maana yake ni jipya kwa familia yao.

Niliwasindikiza siku mbili, na nilijifunza mengi. Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya kawaida yenye usukani wa kulia hayaruhusiwi kuingizwa. Yale magari ya bei rahisi kutoka Japani ambayo Uganda na Tanzania wanayapata kwa wingi, hapa hayasaidii. Ndiyo maana usukani wa kushoto unalipiwa. Mke alikuwa na akili kuliko sisi wote. Alikataa kuangalia injini iliyooshwa, akisema injini inayong'aa inaficha mafuta yanayovuja. Aliita fundi wa Gatsata, akamwambia awashe gari asubuhi likiwa bado baridi, aangalie moshi. Alilinganisha namba ya chasi na ile ya kwenye karata ya njano. Akauliza kama gari lina faini za Sofiya, zile kamera za barabarani, kwa sababu faini zinafuata pleti, na mnunuzi asipouliza atazirithi. Akauliza kontrol teknik inaisha lini. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu mama angefaa kufundisha semina zetu zote za biashara.

Siku ya pili walikubaliana bei na komisioneri mmoja. Mpaka hapo alikuwa akiwaita boss na madame. Akaomba kitambulisho aanze makaratasi. Mume akatoa kitambulisho chake cha mkimbizi. Yule komisioneri akakigeuza, akakigeuza tena, akauliza: "Sasa hili gari ni la shirika gani? Nani anawalipia?" Mume akajibu kwamba wanalipa wenyewe. Jamaa akacheka. Akawashauri kama anayewaonea huruma: "Tafuteni Mnyarwanda aandikishe kwa jina lake, msijiletee matatizo."

Na hapo ndipo penye hatari. Hawa watu wanaufikiria ushauri huo! Siyo kwa sababu sheria inawakataza. Wanaogopa majirani, wanaogopa maswali ya mashirika, wanaogopa mtu kusema kwamba faili lao lifungwe. Ninapoandika haya pesa bado zipo na gari halijanunuliwa. Mume anataka liandikwe kwa jina la rafiki. Mke anasema jasho lake halitaandikwa jina la mtu mwingine. Wanabishana kila jioni. Siku wakikosana na huyo rafiki, au akifa na ndugu zake wakaja kurithi, wataenda kumshtaki wapi? Gari litakuwa lake kwa karatasi, na karatasi ndiyo itakayosomwa.

Kwa hiyo tuseme wazi sheria inasemaje. Rwanda iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1980. Kifungu cha 1 kinaeleza mkimbizi ni nani: ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya rangi yake, dini, taifa, kundi lake la kijamii au mawazo yake ya kisiasa. Tafuta neno umaskini hapo, hulioni. Kifungu hichohicho kinataja mambo yanayomaliza ukimbizi, kama kurudi kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yako, kupata uraia mpya, au sababu za kukimbia kuisha. Gari halimo. Kifungu cha 13 kinazungumzia mali inayohamishika na isiyohamishika: mkimbizi atendewe vizuri iwezekanavyo, na kwa vyovyote asiwe chini ya wageni wengine walio katika hali kama yake. Mali inayohamishika ni nini kama siyo gari?

Halafu kuna kodi. Watu wanasema mkimbizi anakula tu. Gari la petroli likiingia Rwanda linalipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na kodi nyingine kulingana na ukubwa wa injini: asilimia 5 kama iko chini ya 1500cc, 10 mpaka 2500cc, na 15 ikizidi hapo. Kwa RAV4 ya kawaida ukijumlisha hizo tatu tayari umepita nusu ya thamani ya gari. Aliyeliingiza alilipa, na anayelinunua anamrudishia yote ndani ya bei. Kitambulisho cha mkimbizi hakipunguzi hata franga moja. Siku mke huyu atakapolipa gari lake atakuwa ameichangia barabara anayopita. Sasa anakula nini cha mtu?

Niwageukie wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima, maana mnatusoma. Neno "kujitegemea" nimelisikia kwenu kabla sijalielewa. Liko kwenye fulana, liko kwenye mabango, liko kwenye kila semina yenye soda. Lakini mtu akijitegemea mpaka akafika kwenye kununua gari, baadhi yenu mnabadilika sura. Kwenye mkutano mmoja nilimsikia afisa akisema: "Kama mna pesa za magari, hapa mnafanya nini?" Watu walicheka. Vijana wangu hawakucheka. Nyie wenyewe mnakuja kambini na Land Cruiser nyeupe yenye antena ndefu, wakati mwingine imebeba mtu mmoja na bahasha. Hakuna anayewauliza mnalitakia nini. Tunajua barabara ni mbaya. Basi jueni kwamba bibi mwenye goti naye anapita barabara hiyohiyo.

Kinachonishangaza zaidi ni picha za Marekani. Ndugu zetu waliokwenda huko, miezi michache tu baadaye wanatuma picha kwenye WhatsApp wakiwa wameegemea jipu. Kambi nzima inashangilia. Mashirika yanatuonyesha hadithi za namna hiyo: ona, mkimbizi amefanikiwa. Mkimbizi huyohuyo angenunua jipu hilohilo Kigali angeitwa tapeli. Ina maana mafanikio yetu yanaruhusiwa ng'ambo tu? Na sasa mlango huo umebanwa. Tangu Januari 2025 Marekani imesimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zimeshafanya mahojiano zimebaki na mabegi chini ya kitanda. Wengi wetu maisha yetu ni hapa. Kama hapa haturuhusiwi kupanda hatua moja, tupande wapi?

Ndugu zangu wa kambini, na sisi tuna letu. Anayepeleka umbea ofisini mara nyingi ni jirani. Tunamhesabia mwenzetu mabati, simu, sasa magurudumu. Najua njaa inauma, na msaada ukipungua kila mtu anamtazama mwenzake kwenye sahani. Lakini jipu la yule mama halikutoka kwenye sufuria yako. Kumvuta chini hakukuongezei hata kikombe cha maharagwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mtaniambia, je, wale wanaodanganya? Wapo watu wenye mali ambao bado wanapokea chakula cha maskini, na hilo siyo sawa. Sitetei wizi. Kuna njia ya kurekebisha makundi, itumike, na mwenye uwezo aondoke kwenye orodha ya chakula. Lakini orodha ya chakula ni kitu kimoja na ulinzi ni kitu kingine. Chakula kinafuata njaa, ulinzi unafuata hatari iliyokukimbiza. Ukichanganya hivyo viwili, unamwambia mtu achague: awe salama au awe na maendeleo. Hakuna mzazi anayepaswa kuchagua hivyo.

Mimi nafanya kazi na vijana, na naona matunda ya mchanganyiko huo. Binti mmoja wa cherehani aliniuliza: "Nikifanikiwa, si watanifuta?" Kijana mwingine anaficha pesa zake kwenye simu ya mtu. Mwingine kibanda chake kimeandikwa jina la rafiki. Tunafundisha kizazi kizima kwamba mafanikio ni kitu cha kuficha kama bangi. Kisha tunashangaa kwa nini hawatuletei mipango yao ya biashara.

Ninachoomba siyo kikubwa. Mashirika, kwenye semina ya kujitegemea ongezeni nusu saa, mwambie watu wazi kwa Kiswahili na Kinyarwanda kwamba kuwa na mali hakufuti ukimbizi, na muwafundishe wafanyakazi wenu jambo hilohilo. Wenye benki na wauza magari, jifunzeni kusoma kitambulisho chetu bila kukigeuza mara mbili. Wazazi, acheni kupeleka majina ya majirani ofisini kwa wivu. Na wewe unayetaka kununua kwa jina la rafiki, usifanye hivyo. Subiri mwezi, uliza, tafuta msaada wa kisheria, lakini pale kwenye karata ya njano liandikwe jina lako.

Na atakayeuliza tena mkimbizi gari la nini, mjibu kama unavyomjibu mtu yeyote: la kubeba familia.