Mzee wa Baraza na Kinyongo Chake



Yuko mzee mmoja wa huku kwetu milimani, juu ya Same, aliyenitamkia neno lililoninyima usingizi. Kesi ilikuwa haijasikilizwa, naye aliniambia: "Yule kijana namjua. Baba yake alikuwa akituibia zamu ya maji ya ndiva." Na huyo ndiye aliyekuwa akienda kukaa baraza! Kijana kashitakiwa kwa mbuzi. Mzee kamhukumu kwa maji, tena maji ya marehemu baba yake.

Tusidanganyane. Mvi hazifukuzi chuki, wala alama ya sijda haifuti kinyongo. Mwenye chuki husikia nusu ya ushahidi: unaoafikiana naye huushika, unaompinga humpita. Mwenye mapenzi naye ni vivyo hivyo. Akiona mshitakiwa ni wa ukoo wake au wa dini yake, moyo humtafutia udhuru. Na wote wawili huapa kuwa ni waadilifu, kwa kuwa hawajioni.

Msiniambie mzee ni mshauri tu. Mahakama Kuu, kweli, jaji hafungwi na rai ya wazee. Lakini Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliweka wazee wasiopungua wawili katika Mahakama ya Mwanzo, na wakihitilafiana na hakimu, kura za wengi ndizo zilizoamua. Vinyongo viwili viliweza kumshinda hakimu.

Wengine husema: basi waondolewe. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Kwetu, mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, ikawa si lazima tena kuwa nao Mahakama Kuu. Nami nauliza: jaji hana moyo? Mtume (s.a.w.) alimkataza kadhi kuhukumu hali ameghadhibika. Kadhi mwenyewe, mwenye elimu! Kuwaondoa wazee ni kuondoa watu, maradhi yamebaki.

Mahakama yetu ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 176 ya 1993, ilisema kwamba kumpa mshitakiwa nafasi ya kumkataa mzee wa baraza, ingawa si kanuni ya sheria, ni desturi iliyokwisha thibiti. Ni jambo jema. Lakini kijana wa mlimani atamkataaje hadharani mzee wa rika la baba yake? Ataona haya, atanyamaza, na kimya chake kitahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Kwa hiyo mzigo ni wa mzee. Asimame kabla ya shahidi wa kwanza, aseme: "Mimi nina jambo na watu hawa, nitoeni." Hiyo si aibu. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Suratul Maida, aya ya 8, chuki ya watu isitupeleke kwenye dhuluma.

Yule mzee nilimwambia ajitoe. Alikasirika, akaenda, akakaa. Nami sikumwendea hakimu. Nilinyamaza kwa kumstahi. Deni hilo ni langu mbele ya Mola wangu. Wewe msomaji, usilichukue kama langu.

Wabillahi tawfiq.