Pengo Kinywani si Jambo Dogo



Watu wengi huja zahanati jino likiwa limekwisha wakesha usiku kucha. Ombi lao ni moja: "Ling'olewe tu, Bwana Mganga." Likishang'olewa maumivu huisha, na mtu hurudi shambani akidhani mambo yamekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo taabu nyingine huanza.

Mtu mzima ana meno 32. Ya mbele hukata chakula, magego husaga. Magego yakipungua, makande, karanga, nyama na mahindi ya kuchoma huwa adui. Mtu hukimbilia uji, akaacha matunda na mboga ambavyo mwili unavihitaji. Meno ya jirani huegemea penye pengo. Mfupa wa taya hupungua, shavu likabonyea.

Yako na mengine. Meno ya mbele yakitoka, maneno kama "fedha" na "thamani" hutamkwa kwa shida. Mama hufunika mdomo kwa kanga anapocheka. Mzee mwenye busara hunyamaza mkutanoni, akiogopa kuitwa kibogoyo. Je, hapo kijiji kizima hakijapata hasara?

Wengine husema kukosa meno ni desturi ya uzee. Sikubali. Meno mengi hupotea kwa kutoboka na kwa ugonjwa wa fizi, na yote mawili yanazuilika. Japani ilianza kampeni mwaka 1989, ili mtu afikishe miaka 80 akiwa bado na meno yake 20. Kufikia mwaka 2016, kiasi cha nusu ya wazee wa umri huo walikuwa nayo.

Basi nasi tufanye hivi:

1. Tupige mswaki asubuhi, na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi.

2. Tupunguze sukari, soda na peremende. Tuache tumbaku, kwani huharibu fizi.

3. Fizi zikitoka damu, au jino likianza kutoboka, twende mapema. Jino lililowahiwa huzibwa, haling'olewi.

Mwenye mapengo aulize hospitali ya wilaya habari za meno ya bandia. Ni kweli, wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Lakini humsaidia mtu kutafuna na kucheka mbele ya wenzake. Nasi wengine tuache kumcheka, tutunze yetu.