Mandhari ya Maafa: Tuonyeshe Inavyotengenezwa

Walimu wanafunzi wengi siku hizi waweza kutengeneza kwa kompyuta picha ya mji uliobomolewa na tetemeko la ardhi. Huchukua picha ya mtaa, wakaongeza nyufa, kifusi na moshi, kisha wakaipeleka darasani ikiwa imekamilika. Darasa hushangaa, lakini kushangaa si kujifunza. Maoni yangu ni kwamba faida ya kielelezo hiki imo katika hatua za kukitengeneza, nazo ndizo zipasazo kuonyeshwa.

Ufundi wenyewe si mgeni. Kabla ya kompyuta, wachoraji wa sinema walichora mandhari juu ya kioo, wakaacha mahali pa waigizaji, kisha picha hizo zikaunganishwa. Katika sinema ya Marekani iitwayo Earthquake, ya mwaka 1974, mji wa Los Angeles ulionekana magofu matupu. Mengi ya magofu yale yalikuwa rangi za mchoraji Albert Whitlock. Leo mahali pa kioo pameshikwa na tabaka za picha ndani ya programu, kanuni hazikubadilika.

Anayeanza hana budi kwanza autafute mstari wa upeo wa macho, kwa maana kila kitu atakachoongeza sharti kiufuate. Pili, atazame mwanga unatoka wapi, ili vivuli vyote vielekee upande mmoja. Tatu, avififishe vitu vya mbali, kwani hewa na vumbi hupunguza ukali wa rangi. Moshi uje mwisho. Lakini juu ya hayo yote, nyumba zisibomolewe ovyo. Ukuta wa matofali usio na nondo huanguka upesi. Jengo lililofungwa vema kwa nondo laweza kupasuka likabaki limesimama. Mwalimu asiyelijua hilo atafundisha uongo kwa picha nzuri.

Basi darasani tuanze na mtaa ulio salama, tuongeze tabaka moja moja huku tukiuliza: Ukuta upi utaanguka kwanza? Kwa nini? Mahali gani pangefaa kukimbilia? Shule isiyo na kompyuta haikukosa njia. Karatasi za plastiki angavu, zikichorwa na kupangwa moja juu ya nyingine, hufanya kazi ile ile.

Wako watakaosema kwamba mtoto wa shule ya msingi hana haja na siri za wachoraji. Siafikiani nao. Maafa yatokeapo, picha za kughushi husambaa kwa simu pamoja na zile za kweli, na watu wazima huzisadiki. Mtoto aliyeona tabaka zikipangwa atajua pa kuanzia kuuliza: kivuli hiki kinaelekea wapi, na mbona cha jirani yake kinaelekea kwingine?

Tahadhari moja haina budi kushikwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliua watu na kubomoa nyumba mkoani Kagera. Wako watoto waliofiwa katika maafa ya namna hiyo. Mwalimu na aulize kwanza habari za darasa lake, wala asitumie kamwe picha ya kijiji cha wanafunzi wenyewe. Kielelezo ni cha kufungua akili. Kikimtia mtoto hofu ya kurudi nyumbani, kimepotoka.