Tusiuze Muhogo wa Usiku Mmoja



Kila mara bei ya unga ikipanda, neno moja linarudi katika mikutano yetu: tupunguze siku za kuloweka. Muhogo uingie majini leo, kesho uanikwe, magari ya Uvira na Bukavu yasituache. Sisi tunasema hapana, na sababu iko ndani ya maji yenyewe.

Katika basani ya muhogo mchungu kuna asidi mbili, na hazifanani. Ya kwanza inatengenezwa na vijidudu vinavyokula sukari ya muhogo. Ni asidi laktiki, ile ile ya maziwa yaliyoganda. Asidi ikiyeyuka katika maji inaachilia chembe ndogo za haidrojeni, na hizo ndizo zinaleta uchachu. Asidi ya betri ni kali, inaziachilia kwa wingi, ndiyo maana inatoboa nguo. Asidi laktiki ni dhaifu, inaachilia sehemu tu. Hata hivyo, kwa siku tatu pH ya maji inatoka karibu 6 mpaka karibu 4. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo uchachu umeongezeka mara mia hivi.

Ya pili ni sumu, asidi ya sianidi. Ndani ya mzizi mzima imefungwa pamoja na sukari. Vijidudu vikiulainisha mzizi, maji ya muhogo wenyewe yanaifungua. Asidi hii ni dhaifu kupita ile ya kwanza: karibu yote inabaki nzima ndani ya maji, haiachilii haidrojeni yake. Kwa kuwa inabaki hivyo, inaruka hewani kwa urahisi. Inachemka kwenye digrii 26 tu, na mchana wa bonde la Ruzizi unapita hapo. Sehemu inaenda na maji tunayomwaga, sehemu inaondoka juani.

Basi uchachu ni dalili kwamba kazi inaendelea. Si wenyewe unaotoa sumu. Ukikamua ndimu ndani ya basani, maji yatachacha palepale, lakini mzizi utabaki mgumu na sumu yake ndani. Kinachohitajika ni siku. Baada ya siku tatu, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za sumu zimetoka.

Wenzetu wa Bandundu waliona matokeo ya haraka. Barabara ya lami ilipofika, unga ukawa unanunuliwa sana kwa ajili ya Kinshasa, na familia zikashusha siku tatu mpaka moja. Konzo ikaja. Kwa Kiyaka neno hilo ni miguu iliyofungwa: mtoto au mama analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Hata Kivu ya Kusini waganga waliikuta, Burhinyi, katika teritwari ya Mwenga. Wanaoshikwa zaidi ni wale wanaokula bugali wa muhogo mchungu kila siku bila maharagwe wala ndagala.

Tunajua mama mwenye deni la minervali hawezi kula maelezo. Siku mbili za kungoja ni pesa. Ndiyo maana mzigo huu usiachwe kwa mtu mmoja mmoja. Koperative iandike katika daftari siku muhogo ulipoingia majini na siku ulipotoka. Gunia la siku tatu lilipwe zaidi, na la usiku mmoja lisipokelewe, hata kama ni la mjumbe wa komite. Mwenye shida ya haraka akopeshwe na sanduku la koperative mpaka muhogo wake ukauke.

Na kama nyumbani kuna unga usiouamini, usiupike moja kwa moja. Changanya na maji, utandaze mwembamba kwenye sahani pana, uache masaa 2 juani au 5 kivulini, ndipo usonge bugali siku ile ile.

Mnunuzi anayetaka muhogo wa usiku mmoja atapata kwingine. Atakayekula unga wetu mezani hana njia ya kujua ulikaa majini siku ngapi. Sisi tunajua.